Tarakimu na Cheo Chake

Miongoni mwa mambo afundishwayo mtoto wa shule ya msingi katika somo la Hisabati, ni machache yaliyo madogo kwa sura na makubwa kwa maana kama hili la kuwekewa mbele yake namba mbili ndefu, akaulizwa ipi iliyo kubwa. Mtu mzima huzitazama mara moja akajibu, wala hajui amejibuje, kwa kuwa maarifa yaliyokwisha kuzoewa huingia katika damu yakaacha kuonekana. Mtoto wa miaka tisa au kumi hana wepesi huo. Ukimwandikia 9,998 na 10,001, yamkini ataichagua ile ya kwanza, kwa sababu imejaa tisa na nane, tarakimu ambazo tangu alipoanza kuhesabu kwa vidole ameambiwa kuwa ndizo kubwa, ilhali ile ya pili ina moja mbili na sifuri tatu, ambazo katika ilimu yake ndizo ndogo kuliko zote. Jibu lake ni ghalati, lakini si jibu la upumbavu. Lina hoja yake ndani, na mwalimu asiyeitafuta hoja hiyo kabla ya kulikosoa atakuwa amesahihisha jibu moja na kuyaacha mengine mia yakimngojea.

Kanuni iliyozoeleka madarasani ni fupi na ni ya kweli: namba nzima yenye tarakimu nyingi zaidi ndiyo kubwa, na zikiwa sawa kwa wingi wa tarakimu, anza upande wa kushoto, linganisha tarakimu moja moja, na pale zinapoachana kwa mara ya kwanza ndipo penye hukumu. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri huihifadhi kanuni hii kwa siku moja, akapata alama zote katika zoezi la kesho yake, na mwalimu akafurahi. Lakini kanuni iliyohifadhiwa pasipo sababu yake husahaulika upesi, au huchanganywa na kanuni nyingine, maana katika kujumlisha na kutoa mtoto huyo huyo hufundishwa aanze kulia. Na asiyejua kwa nini huku huanza kulia na kule huanza kushoto, siku ya mtihani atakisia. Rai yangu ni kwamba sababu yenyewe si nzito hata ifichwe mtoto. Yaweza kuonyeshwa kwa vijiti na shanga, na ikishaonekana, kanuni hujitunga yenyewe kinywani mwa mwanafunzi.

Siri yote imo katika nafasi. Tarakimu tulizo nazo ni kumi tu, kuanzia sifuri hadi tisa, na kwa kumi hizo huandikwa kila idadi ambayo akili ya binadamu yaweza kuitaja, kwa sababu thamani ya tarakimu hutokana na mahali iliposimama. Ni kama mtu na cheo chake: karani akipandishwa akawa liwali, mwili wake hauongezeki hata ratili moja, lakini neno lake ambalo jana lilisikika chumbani mwake tu, leo lasikika mji mzima. Saba iliyosimama mwisho wa namba, upande wa kulia, ni vitu saba. Ikisogea nafasi moja kushoto ni makumi saba, yaani sabini. Ikisogea tena ni mamia saba, kisha maelfu saba, kisha makumi elfu saba, na kila hatua huizidisha mara kumi, ilhali umbo la tarakimu halikubadilika hata kidogo.

Haya mtoto hawezi kuyasadiki kwa kuambiwa tu, hata yakisemwa kwa fasaha namna gani. Sharti ayashike. Katika madarasa mawili ya mwanzo, ambayo shule za Tanzania Bara huyaelekeza hasa katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, vijiti hufungwa kumi kumi, na mafungu kumi yakafungwa pamoja yakawa mia. Na hapo aghalabu kazi ya vijiti huachwa, kana kwamba aliyeiona mia ameiona na elfu. Naona ni hasara kuachia hapo. Darasa la watoto hamsini, kila mmoja akileta vijiti ishirini, laweza kukusanya vijiti elfu moja kamili kwa asubuhi moja pasipo gharama yoyote, na bunda hilo likifungwa kwa kamba na kuwekwa mezani kando ya kijiti kimoja, kila jicho litaona tofauti ya moja na elfu kwa namna ambayo ubao hauwezi kuionyesha. Mwanafunzi aliyelibeba bunda lile kwa mikono miwili hatasema tena kwamba moja ya nafasi ya maelfu ni ndogo kuliko tisa ya nafasi ya mamoja.

Baada ya elfu, vijiti hushindwa, maana makumi elfu yangehitaji madarasa kumi ya namna ile, na hapo ndipo abakasi hushika kazi. Ubao wenye misumari mirefu au nyaya zilizosimama wima, na shanga au vizibo vya soda vilivyotobolewa katikati, watosha. Msumari wa kulia ni wa mamoja, unaofuata ni wa makumi, kisha mamia, kisha maelfu, na kuendelea. Sheria ni moja: hapana msumari unaoruhusiwa kubeba zaidi ya shanga tisa, ikija ya kumi, zote kumi huondolewa, na badala yake shanga moja huvikwa msumari wa kushoto. Mtoto na ajaze misumari mitatu ya kulia, tisa na tisa na tisa, mpaka hapana pa kuongeza; hiyo ni 999, na hiyo ndiyo idadi kubwa kuliko zote ziwezazo kukaa katika nafasi tatu. Kisha aambiwe aongeze shanga moja. Shanga kumi za mamoja zitaondoka na kuacha moja katika makumi. Makumi nayo yatatimia kumi, yataondoka. Mamia vile vile. Na mwisho, misumari mitatu iliyokuwa imesheheni itabaki mitupu, na shanga moja peke yake itakuwa imesimama katika maelfu.

Hapa mwalimu asiwe na haraka. Kitendo hiki kimoja kina ndani yake sababu yote ya kulinganisha namba, na chastahili kurudiwa na kila mtoto kwa mikono yake mwenyewe. Kwa kuwa nafasi tatu zilizojazwa kadiri ya uwezo wake hazikufika elfu, zikapungukiwa na moja, ni dhahiri kwamba shanga moja ya maelfu huzishinda nafasi zote za kulia kwake, zikiwa na tisa au zikiwa na nini. Na yaliyo kweli kwa maelfu ni kweli kwa makumi elfu, ambayo 9,999 haiyafikii, na kwa mamilioni, ambayo 999,999 haiyafikii. Basi tunapolinganisha namba mbili, twaanza kushoto kwa sababu huko ndiko kwenye uzito ambao wa kulia wote wakishirikiana hawawezi kuuinua. Na namba nzima yenye nafasi moja zaidi ni kubwa kwa sababu hiyo hiyo. Kanuni mbili za ubaoni zimekuwa moja, na mtoto aliyeziona zikizaliwa katika shanga hahitaji kuzihifadhi.

Haikuwa hivi tangu mwanzo wa ulimwengu, na wanafunzi wa madarasa ya juu hupendezwa sana wakihadithiwa habari zake. Warumi wa kale, pamoja na dola yao yote, waliandika hesabu kwa herufi, na katika maandishi yao urefu wa namba haukuwa na maana yoyote: mwaka 1888 kwao huandikwa MDCCCLXXXVIII, herufi kumi na tatu, na mwaka 2000 huandikwa MM, herufi mbili tu. Ukimpa mtoto jozi hiyo na kanuni ya wingi wa tarakimu, atapotea. Wababeli walikuwa na nafasi, nao walihesabu kwa sitini sitini, lakini kwa karne nyingi hawakuwa na alama ya kuweka mahali patupu, hata moja na sitini zikaandikwa kwa alama ile ile, na msomaji akalazimika kufahamu maana kwa mazungumzo yaliyoizunguka. Wahindi ndio walioitimiza hikima hii kwa tarakimu kumi pamoja na sifuri, na Brahmagupta, mwanachuoni wao, aliandika kanuni za kuhesabu kwa sifuri katika mwaka 628. Kutoka huko ilifika Baghdad, ambako al-Khwarizmi, katika zama za Khalifa al-Ma'mun, alitunga kitabu cha hesabu za Kihindi. Na Ulaya iliisoma katika tafsiri za Kilatini, na tena katika kitabu cha Leonardo wa Pisa, aitwaye pia Fibonacci, cha mwaka 1202. Hivyo jedwali la nafasi ambalo mwalimu wa leo hulichora kwa chaki huko Tandahimba au Sengerema limetokana na kazi ya mataifa mengi na karne nyingi.

Kwa watoto wa pwani, na wengi wa bara waendao chuoni kusoma Kurani, liko jambo moja ambalo walimu wa shule hawalizingatii. Mtoto huyu asubuhi husoma maandishi ya kutoka kushoto kwenda kulia, na alasiri husoma yaendayo kutoka kulia kwenda kushoto. Na akiambiwa shuleni kwamba tarakimu kubwa kwa cheo ndiyo iliyo kushoto, yamkini atadhani kwamba huko chuoni mambo yamegeuka. Hasha. Katika msahafu, aya ya mwisho ya Suratul Baqara ni ya 286, na tarakimu zake za Kiarabu zimepangwa vile vile, mbili ya mamia ikiwa kushoto, nane ikafuata, na sita ya mamoja ikiwa kulia. Maandishi yamekwenda upande wake, na namba imebaki na mpangilio wake. Mwalimu akilionyesha hili kwa mfano mmoja tu, atakuwa ameziunganisha elimu mbili za mtoto ambazo mara nyingi huishi kichwani mwake pasipo kujuana.

Lugha yetu nayo, iliyo tajiri wa majina ya hesabu, ina mahali panapotaka uangalifu. Mtu asemapo "elfu ishirini na tano", msikilizaji hana hakika kama ni 25,000 au ni 20,005. Sokoni shaka hiyo huondolewa na bidhaa yenyewe, kwa kuwa muuzaji na mnunuzi wote wawili wanajua bei haiwezi kuishia na shilingi tano, lakini darasani hakuna bidhaa ya kuamua. Dawa yake ni kutanguliza idadi ya maelfu na kuliacha neno elfu lifuate: ishirini na tano elfu ni 25,000, na ishirini elfu na tano ni 20,005, wala hapana tena njia ya kuchanganya. Mwalimu na aishike kaida hii bila kuilegeza, hasa atoapo imla ya namba.

Na kuna laki, ambayo wafanya biashara huipenda na ambayo hurahisisha usemi, lakini katika maandishi yetu haikai mahali pa mkato. Wahindi, ambao laki ilitoka kwao ikaja pwani kwa njia ya biashara, huweka mkato wao kwenye laki, wakaandika 3,50,000. Sisi twafuata mikato ya tatu tatu, twaandika 350,000, na laki zetu tatu zimo ndani ya fungu la maelfu. Mtoto aliyezoea kusikia laki nyumbani aonyeshwe kwamba laki moja na mia elfu ni kitu kimoja, yaani shanga moja katika msumari wa sita kuhesabu kutoka kulia. Vinginevyo atatafuta mkato wa laki asiuone. Wenzetu wa Kongo na Burundi, ambao shule zao zilirithi kawaida ya Kifaransa, mahali pa mkato wetu huacha upenyo au hutia nukta, na mkato wao ni wa desimali. Tofauti hii ni ya alama tu, wala nafasi zenyewe hazikuguswa.

Kutokana na usemi huzaliwa kosa jingine, nalo ni la kuandika namba kama inavyosikika. Ukimtamkia mtoto "elfu tatu mia mbili na tano", aweza kuandika 30002005: ameandika elfu tatu kamili, kisha mia mbili kamili, kisha tano, akaziambatanisha kama maneno yaambatanavyo katika sentensi. Mtoto huyu hawezi kulinganisha namba yoyote kwa haki, kwa kuwa namba aliyoiandika siyo aliyoikusudia. Asikaripiwe, arudishwe kwenye abakasi, avike shanga tatu katika maelfu, mbili katika mamia, aone msumari wa makumi ukiwa mtupu, avike tano katika mamoja, kisha asome kutoka kushoto kile alichokiona na kukiandika: tatu, mbili, sifuri, tano. Sifuri hapo itakuwa na kazi mbele ya macho yake, nayo ni kulinda nafasi isiyokuwa na mtu, isije ile mbili ikateremka cheo. Na anapopanga namba mbili juu na chini ili azilinganishe, azipange kwa kufuatisha mamoja, upande wa kulia. Akizifuatisha kwa kushoto, 40,507 na 4,507 zitaonekana zimeanza sawa, na jicho litamdanganya kabla akili haijaamka.

Mifano ya kulinganisha isitungwe ovyo, maana nchi zetu zimejaa namba za kweli zenye mvuto kuliko zile za kubuni. Kilele cha Kilimanjaro kina mita 5,895, cha Mlima Kenya mita 5,199, na kilele cha Margherita katika milima ya Rwenzori kina mita 5,109. Milima hii mitatu, mirefu kuliko yote katika bara la Afrika, ina tarakimu nne kila mmoja, na yote huanza na tano. Kilimanjaro hujitenga mara moja katika mamia, kwa nane dhidi ya moja. Hiyo miwili iliyobaki ni sawa katika maelfu, ni sawa katika mamia, na huachana katika makumi, tisa kwa sifuri. Na mtoto aliyezoea kutazama mwisho wa namba, akaona zote mbili zaishia na tisa, atajifunza hapo faida ya kwenda kwa taratibu kutoka kushoto. Maziwa nayo yana somo lao. Ziwa Tanganyika lina eneo la takriban kilometa za mraba 32,900, na Ziwa Nyasa takriban 29,600. Tisa ya Nyasa huvutia macho, lakini imo katika maelfu, ilhali hukumu imekwisha kutolewa katika makumi elfu, tatu dhidi ya mbili: 29,600 bado yataka mia nne ili ifike thelathini elfu, na 32,900 imekwisha kupita huko.

Kwa madarasa ya juu, sensa ni hazina. Tanzania ilihesabu watu 44,928,923 katika mwaka 2012, na Kenya ikahesabu 47,564,296 katika mwaka 2019. Tarakimu ni nane kwa nane, makumi ya milioni ni nne kwa nne, na katika mamilioni nne inakutana na saba. Hapo mtoto na aiweke kalamu chini. Tisa mbili zilizomo katika namba ya kwanza haziwezi kubadili neno, kwa kuwa 928,923 haitimizi hata milioni moja, sembuse tatu. Kisha aletewe sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, watu 61,741,120, aone jinsi tarakimu ya kwanza ilivyoumaliza ubishi pasipo kuzihitaji zile saba zilizobaki. Zanzibar kwa upande wake iliongezeka kutoka 1,303,569 hadi 1,889,773 baina ya sensa hizo mbili, na hapa jozi ni nzuri zaidi kwa kufundishia, kwa kuwa mamilioni ni sawa na hukumu imo katika nafasi ya laki.

Uko mchezo mmoja ambao naupenda kuliko mazoezi yote ya ubaoni, kwa sababu humlazimisha mtoto kufikiri juu ya nafasi kabla ya kuiona namba. Tarakimu kumi huandikwa juu ya vizibo na kutiwa katika kikapu. Kila mtoto huchora visanduku vitano vitupu katika daftari lake. Mwalimu hutoa kizibo kimoja, huitaja tarakimu yake, na kila mtoto sharti aiandike papo hapo katika kisanduku akitakacho, wala haruhusiwi kuihamisha baadaye. Kisha kizibo cha pili, na cha tatu, mpaka visanduku vijae. Mwenye namba kubwa kuliko wote ndiye mshindi. Tuseme zimetoka nne, nane, sifuri, tisa na tatu kwa utaratibu huo. Mtoto mmoja aliiweka nne katika maelfu, na nane ilipokuja akaipeleka upesi katika makumi elfu kwa hofu ya kukosa kubwa zaidi, sifuri akaitupa katika mamoja, na tisa ilipotoka ikakuta nafasi bora iliyobaki ni ya mamia. Namba yake ni 84,930. Mwenziwe aliiweka nne katika mamia, nane katika maelfu, sifuri katika mamoja, akaiacha nafasi ya kwanza ikingoja, na tisa ilipotoka akaipa cheo chake. Namba yake ni 98,430. Tarakimu ni zile zile tano, na ya pili imeizidi ya kwanza kwa zaidi ya kumi na tatu elfu. Wasikilize watoto wakibishana baada ya hapo: huyu atasema nane ilikuwa ya kutosha, yule atasema kikapuni mlikuwa mmebaki tisa, na wote wawili watakuwa wanazungumza juu ya thamani ya nafasi kwa lugha yao wenyewe, bila ya kusukumwa.

Nyumbani pia kuna nafasi ya kufundisha, na fedha ndiyo mwalimu mkuu. Mzazi amwekee mtoto noti mbili za shilingi 10,000 upande mmoja, na upande wa pili noti tisa za 1,000 pamoja na sarafu tisa za 100, amwulize upande upi una mali zaidi. Vipande kumi na vinane vitakuwa vimepambana na viwili, na viwili vitashinda, 20,000 kwa 9,900. Ujuzi huu si wa mtihani peke yake. Mtu atumapo fedha kwa simu huandika kiasi bila mkato wowote, na 100000 na 10000 hazitofautiani sana kwa jicho lenye haraka. Mwenye mazoea ya kukata namba tatu tatu kutoka kulia, hata kwa kidole tu juu ya kioo, hujiokoa na hasara ambayo huenda ikamgharimu mshahara wa mwezi.

Hata hivyo, kujua ipi kubwa hakutoshi pasipo kuhisi ni kubwa kiasi gani, na katika jambo hili watu wazima wengi nao ni wanafunzi. Magazeti hutaja milioni na bilioni katika ukurasa mmoja, na sikio huzisikia kama jamaa wa karibu. Hesabu ya sekunde huondoa dhana hiyo: sekunde 1,000,000 ni siku kumi na moja na saa kumi na tatu na ziada kidogo, lakini sekunde 1,000,000,000 ni karibu miaka thelathini na miwili, umri wa mtu aliyekwisha kuoa na kupata watoto. Kwa watoto wapendao kandanda, uwanja wa Benjamin Mkapa huko Dar es Salaam, ambao huchukua watazamaji wapatao 60,000, ungelazimika kujazwa zaidi ya mara elfu moja ili wote waliohesabiwa nchini katika mwaka 2022 wapate kiti. Mtoto akifanya hesabu hiyo mwenyewe, namba ya tarakimu nane huacha kuwa mstari wa alama tu.

Alama za kulinganisha, zile mbili zenye ncha upande mmoja na uwazi upande wa pili, zilichapwa kwa mara ya kwanza London katika mwaka 1631, katika kitabu cha Thomas Harriot aliyekuwa amefariki miaka kumi kabla yake. Alama ya usawa ilikuwa imetangulia, katika kitabu cha Robert Recorde cha mwaka 1557. Zina manufaa, lakini kwa maoni yangu huletwa mapema mno. Mtoto kwanza aseme kwa kinywa chake, "5,199 ni kubwa kuliko 5,109, kwa sababu zimeachana katika makumi", aseme hivyo mara nyingi mpaka ulimi ukubali, ndipo apewe alama ya kuufupisha usemi wake, uwazi ukielekea kwenye iliyo kubwa. Akipewa alama kabla ya usemi, atahangaika na kuelekea kwake, kushoto au kulia, na namba zenyewe atazisahau.

Faida ya kufundisha kwa sababu huonekana zaidi pale kanuni inapofika mwisho wake. Katika madarasa ya juu mtoto hukutana na desimali, na ile kanuni ya wingi wa tarakimu, iliyomtumikia kwa uaminifu katika namba nzima, humsaliti: huiona 0.125 akaitamka kuwa kubwa kuliko 0.5, kwa kuwa ile ina tarakimu tatu baada ya nukta na hii ina moja. Aliyefundishwa kanuni tupu hana pa kushika. Aliyefundishwa kwa misumari huongezewa misumari mingine upande wa kulia wa nukta, wa sehemu za kumi, wa sehemu za mia, wa sehemu za elfu, kila mmoja ukiwa na thamani ya moja ya kumi ya ule ulio kushoto kwake, na shauri ni lile lile la zamani: msumari uliotimia kumi humpa jirani wake wa kushoto shanga moja. Sehemu tano za kumi zimesimama mbele ya sehemu moja ya kumi, na mbili na tano zinazofuata katika 0.125 hazifikii hata sehemu moja nyingine ya kumi. Mwalimu na aandike jozi hiyo ubaoni, na kabla hajataja kanuni yoyote awaulize wanafunzi wake ni katika nafasi ipi ambapo namba hizi mbili zimeachana kwanza, kisha awape wasaa wa kujibu.